Kazi Mpya, Wageni Sebuleni

Maswali ya wasomaji

SWALI: Nimeanza kazi juzi Jumatatu na, kusema kweli, naipenda kuliko nilivyotarajia. Wiki ijayo marafiki zangu watatu wanakuja kunitembelea. Wanafika Alhamisi jioni, wanaondoka Jumapili. Sitaki kuwaangusha, wala sitaki kuonekana mvivu kazini. Niombe ruhusa?

JIBU: Usiombe siku nzima, omba saa, na uombe leo. Msimamizi ambaye hajakuzoea anakupima kwa mambo mawili matatu tu: unafika saa ngapi, unamaliza ulichopewa, na unasema mapema likitokea jambo. Saa mbili za Ijumaa alasiri zilizoombwa wiki nzima kabla hazimsumbui mtu. Siku nzima inayoombwa asubuhi yake ni habari nyingine, na mikataba mingi hairuhusu likizo ya kulipwa ndani ya kipindi cha majaribio, kwa hiyo usome wako kwanza. Mwone ana kwa ana, kisha mwandikie ili pawe na kumbukumbu: "Ijumaa ijayo naomba kutoka saa 9 badala ya saa 11. Saa hizo mbili nitazifidia Jumanne na Jumatano kwa kuingia saa moja mapema. Kazi ya wiki nitakuwa nimeikabidhi kabla ya saa 6 mchana." Ombi lililobeba fidia yake halina ubishi mwingi. La kusingizia ugonjwa lifute kabisa: picha za matembezi zitawafikia wenzako kabla hujapona.

Lakini ruhusa ni jambo dogo. Kinachoharibu kazi ni usingizi. Wageni wako wamo likizoni, wanaweza kulala saa 9 usiku wakaamka saa 5 asubuhi. Wewe huwezi. Ukiamka saa 12:30 asubuhi na unahitaji usingizi wa saa saba na nusu, saa 5 usiku uwe umeshalala. Ukitoka kazini saa 11 jioni na kuanza kujiandaa kulala saa 4 usiku, zinabaki saa tano za kufurahi. Si haba. Alhamisi ishieni hapo, kesha liwe la Ijumaa usiku, na Jumamosi mpunguze. Asubuhi za mapumziko usipitishe zaidi ya saa moja au mbili baada ya muda wako wa kawaida wa kuamka. Mwanga wa asubuhi ndio unaoipanga saa ya mwili. Ukilala hadi adhuhuri siku mbili mfululizo, Jumapili usiku utakodoa macho darini, na Jumatatu utakuwa kama mtu aliyeshuka kwenye ndege kutoka ng'ambo.

Kahawa haifuti deni hilo la usingizi. Kwa watu wazima wengi nusu ya kafeini bado imo mwilini saa tano hivi baada ya kunywa, kwa hiyo kikombe cha saa 10 alasiri kinakufuata hadi kitandani. Afadhali ulale dakika 20 ukifika nyumbani, kengele ikiwa imetegwa. Ukizidisha hadi dakika 40 au 50 unaingia kwenye usingizi mzito, unaamka umelewa lepe. Kwa wanaokunywa pombe: mwili huondoa takriban gramu 10 za alkoholi kwa saa, yaani kinywaji kimoja kidogo, na hakuna maji ya baridi wala kahawa inayoharakisha hesabu hiyo. Vinywaji vinane vilivyoanza saa 4 usiku vinaweza kuwa bado damuni saa 12 asubuhi. Siku hiyo usishike usukani.

Mwisho, asubuhi ya Ijumaa. Wageni watatu wakioga kwa dakika 15 kila mmoja, zimekwenda dakika 45, kwa hiyo uwe wa kwanza bafuni. Usiku uliotangulia toa nguo, viatu, begi, chaja na kitambulisho cha kazi kwenye chumba watakacholala. Wengi huchelewa si kwa sababu walikesha, bali kwa sababu kitambulisho kimo chini ya nguo za mtu anayekoroma. Waachie ufunguo wa akiba, na uwaonyeshe kitasa kinavyofunguka kabla hujaondoka. La sivyo utapigiwa simu katikati ya kikao. Karatasi moja mezani yenye anwani ya nyumba, neno la siri la intaneti na saa zako za mapumziko itapunguza simu nyingine zote. Wahenga walimpa mgeni jembe siku ya tatu; ufunguo mpe siku ya kwanza.

SWALI: Nimenunua godoro la upepo kwa ajili ya wageni. Jioni nalijaza likawa gumu kama ubao, asubuhi mtu yuko sakafuni. Nirudishe dukani?

JIBU: Subiri kwanza. Godoro jipya hulegea bila kuvuja, kwa sababu mbili. Plastiki yake hutanuka mara chache za mwanzo, na hewa ikipoa usiku shinikizo hupungua, hasa godoro likiwa juu ya sakafu baridi. Lijaze mchana, liache saa nane bila mtu, kisha liongeze upepo kabla ya kulala. Rudia siku mbili. Chini yake tandika mkeka au blanketi nene, kwa ajili ya baridi na pia kwa ajili ya vijiwe ambavyo ufagio haukuviona. Usilijaze likakakamaa, acha likubali kiganja kibonyee kidogo, maana mshono uliokazwa kupita kiasi ndio unaopasuka.

Likiendelea kunywea, anza kukagua vali, si kitambaa. Unywele mmoja au chembe ya mchanga kwenye mpira wa kifuniko inatosha. Ukishaisafisha, changanya sabuni ya maji kidogo kwenye kikombe cha maji, pakaza kwa sifongo kwenye vali, halafu mishono, halafu upande wa chini, huku godoro limejaa. Vipovu vinavyoota mahali pamoja ndipo penye tundu. Pazungushie kalamu, toa upepo wote, kausha kabisa, bandika kiraka na uliache kwa muda ulioandikwa kwenye gundi. Kiraka kilichobandikwa godoro likiwa na upepo hakishiki: hewa hukisukuma gundi ikiwa bado mbichi. Ila tundu likiwa kwenye mshono wenyewe, hapo rudisha.

SWALI: Marafiki wanataka kuona ninapofanya kazi na kupiga picha. Kuna ubaya?

JIBU: Kuwaonyesha jengo kwa nje hakuna ubaya. Kuingia ndani, uliza siku moja kabla, na ukubali jibu la hapana bila kununa. Picha ya mezani ndiyo ya kuogopa: nyuma ya tabasamu kuna skrini, karatasi, ubao wenye majina ya wateja, na mtu akiivuta kwa vidole anasoma kila kitu. Kitambulisho chako nacho kisionekane. Pigeni mlangoni, mgongo ukielekea ukuta mtupu.

SWALI: Kila mtu anasema "sasa una kazi, tulipie". Mshahara wenyewe sijaushika.

JIBU: Waambie hivyohivyo, na mapema, kabla hawajapanda gari. Mshahara wa kwanza mara nyingi huwa pungufu: ukianza katikati ya mwezi utapata karibu nusu, na kama orodha ya malipo ilifungwa kabla jina lako halijaingia, utasubiri hadi mwezi unaofuata. Muulize mhasibu tarehe ya kufunga orodha; ni swali la kawaida, wala haliombi radhi. Kwa matembezi anzisheni mfuko wa pamoja. Kila mmoja atoe kiasi sawa siku ya kwanza, ashike mmoja (si wewe, unachoka), na nauli na viingilio vyote vitoke humo. Ikibaki robo, mshika mfuko atangaze, muamue kuongeza au kupunguza safari. Kinachobaki kigawanywe Jumapili kabla ya kuagana. Malazi ndiyo mchango wako mkubwa, na usione haya kuutaja.

SWALI: Wageni wameondoka jana. Leo kazini sikumbuki hata nusu ya niliyofundishwa wiki jana.

JIBU: Hata bila wageni ungesahau. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima kumbukumbu yake mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885: sehemu kubwa ya alichojifunza ilipotea ndani ya siku ya kwanza, kisha upotevu ukapungua kasi. Dawa ni kurudia kwa kuachanisha. Leo funika daftari na uandike hatua za kazi kutoka kichwani, kisha ulifunue uone ulipokwama. Hapo tu ndipo pa kumuuliza mwenzako, swali moja mahususi: "Nikishahifadhi fomu, naituma kwa nani kwanza?" Rudia keshokutwa, kisha baada ya wiki. Majina ya watu yachore kwenye ramani ya viti.