Rangi ya udongo inabanduka kwenye merikani: tenganisha ufa na kubanduka

Mkuu, umeuliza mawili: kwa nini udongo mwekundu wa hapa Dodoma ukiuchanganya na gundi unapasuka na kubanduka kwenye kitambaa cha merikani, na kama mchoro usio na mtu wala mbuyu bado ni mchoro. Naanza na la kwanza, maana la pili limo humohumo.

Ufa unaletwa na maji. Udongo wa mfinyanzi ukikauka unasinyaa, kitambaa hakisinyai nao. Kubanduka kunaletwa na gundi: ama ni kidogo, ama haikupata pa kushika. Wengi wakiona ufa wanaongeza gundi, kazi inang'aa kama beseni la plastiki na inapasuka vilevile.

Udongo mweusi wa mbugani uache. Unavimba ukilowa, na kiangazi unaona mwenyewe nyufa zake zinavyomeza mkono. Chukua mwekundu wa mwinuko. Wekundu wake ni oksidi ya chuma, haupaushwi na jua. Nyekundu za michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliyoingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006, ni za ukoo huohuo. (Kule usiende na jembe, tafadhali.)

Kilo 2 za udongo ndani ya ndoo ya lita 20, maji hadi robo tatu ya ndoo, koroga. Subiri dakika moja mchanga uzame, kisha mimina maji mekundu kwenye ndoo nyingine kupitia soksi ndefu ya nailoni. Yakae siku nzima, mwaga maji ya juu, tope lianike kwenye sinia na ulifunike kitambaa, la sivyo upepo wa hapa utakurudishia mchanga wote uliouondoa. Likikauka, twanga na uchekeche. Ukibahatika kupata udongo wa njano, ukaange kwenye sufuria kuukuu juu ya mkaa: kwenye nyuzi 300 hivi maji yaliyofungwa ndani ya madini yanatoka, na njano inageuka nyekundu. Chota kidogo kidogo unapokaanga, utapata ngazi nzima ya rangi kwa udongo mmoja.

Merikani ifue kwa maji ya moto kutoa wanga wa kiwandani. Ukiruka hapo, gundi inashika wanga badala ya uzi. Ikaze kwenye fremu, paka gundi nyeupe ya seremala, sehemu 1 kwa maji 3, mikono miwili (yaani tabaka mbili). Kisha rangi ya maji ya ukutani, nyeupe isiyong'aa, mkono mmoja.

Rangi yenyewe: lowesha kwanza vijiko 2 vya unga wa udongo kwa maji, ndipo utie kijiko 1 cha gundi. Acha ikauke usiku kucha, pitisha kidole kikavu. Kikitoka na vumbi, gundi haijatosha. Uso uking'aa, imezidi. Kipimo usikikariri, unga laini zaidi unakunywa gundi zaidi. Gundi ya seremala hulainika tena ikilowa, kwa hiyo kazi ya kuuza ni bora uifunge kwa gundi ya akriliki.

Juu ya kitambaa usizidi milimita moja. Ukitaka unene, hamia kwenye ubao mgumu na uongeze mchanga laini. Kiangazi, uso hukauka ndani bado kubichi, na ndipo ufa unapoanzia. Paka alfajiri kabla ya upepo, funika kwa nailoni ukiacha upande mmoja wazi.

Sasa la pili: ndiyo, bado ni mchoro. Mchoraji Alberto Burri wa Italia, miaka ya 1970, alichanganya kaolini, nyeupe ya zinki na gundi juu ya ubao, akaacha vipasuke. Palipo pazito ufa ulikuwa mpana, palipo pembamba ukawa mdogo, kisha akaufunga kwa gundi. Unene ndio uliokuwa penseli yake. Hata mchoraji Edward Tingatinga, Dar es Salaam mwaka 1968: rangi ya baiskeli kwenye hadibodi ndiyo iliyozaa ule mng'ao na yale madoa bapa. Kwa udongo asingepata mchoro uleule.

Kwa hiyo usianze na mchoro kichwani halafu uulazimishe udongo. Hautakupa wekundu wa nyanya. Utakupa damu ya mzee, kahawia na rangi ya tofali. Wanaoongeza nyekundu ya chupa "kuuchangamsha" wanaharibu vyote viwili, huo ndio msimamo wangu. Kata vibao 12 vya sentimita 20 kwa 20, kila kimoja badilisha kitu kimoja tu (maji, unene, au muda wa kufunika), andika nyuma ulichofanya. Ukivipanga ukutani utaona kipi kinakuvuta, na nyuma yake kuna maelezo ya namna ya kukirudia kwa ukubwa.

Weka picha ya kipande kilichobanduka, upande wa chini. Kama kimeondoka na nyeupe, kosa liko kati ya kitambaa na ile rangi ya maji. Kama ni chekundu kitupu, ongeza gundi kwenye udongo, kitambaa chako hakina shida.