Kichocheo cha methanoli: usikimbilie kupandisha joto

SWALI: Shikamoo mzee. Nasoma uhandisi wa kemikali, mwaka wa tatu. Tumefundishwa kwamba kichocheo cha kutengenezea methanoli, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko, huchoka. Je, kiwanda kikipandisha joto, si kitapata methanoli nyingi zaidi?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, mwanangu. Utaipata kwa muda, kisha utailipia. Mmenyuko wenyewe unatoa joto, kwa hiyo joto likizidi methanoli inaanza kurudi kuwa gesi ilizotoka, haidrojeni na oksidi za kaboni. Halafu shaba, ambayo ndiyo mchapakazi humo, haivumilii moto. Ikikaribia nyuzi 300 chembe zake zinashikana kuwa madonge, ingawa oksidi ya zinki na alumina zimewekwa kuzitenganisha. Kichocheo kipya tulikianzisha na joto la chini, tukapandisha kidogokidogo kadiri kilivyozeeka. Joto ni akiba. Ukiimaliza mwaka wa kwanza, wa tatu utakula nini?

Kabla ya joto, angalia kwanza usafi wa gesi hizo. Kampuni ya BASF walipoanza Ujerumani mwaka 1923 walitumia oksidi za zinki na kromi, kwa shinikizo la baa 250 na zaidi, kwa kuwa shaba ilikuwa inauawa na salfa. Kampuni ya ICI ya Uingereza waliiweza shaba miaka ya 1960, gesi ilipoweza kusafishwa vizuri, na shinikizo likashuka hadi baa 50 hadi 100. Mpaka leo salfa na klorini, hata chembe, zinakiua kichocheo polepole bila kelele.

Ila ninachokiona kinapuuzwa kuliko vyote ni siku ya kukiamsha. Kichocheo huletwa kikiwa vidonge vyeusi, shaba yake bado oksidi. Unapitisha nitrojeni yenye haidrojeni kidogo sana, kama asilimia 1, ukipandisha joto taratibu, maana haidrojeni ikigeuza oksidi hiyo kuwa shaba inatoa joto jingi. Katika kiwanda kimoja nilichofanyia kazi huko Ghuba, msimamizi wa zamu alikuwa na haraka, akaongeza haidrojeni usiku. Sindano ya joto ilipanda mbele ya macho yangu, na tulipofunga gesi tulikuwa tumechelewa. Kichocheo kile hakikufikia kiwango chake hata siku moja. Niliumia, maana kilikuwa bado hakijatoa tone.

Oksidi ya shaba ikigeuka shaba, maji hutoka. Tulikuwa tunayachota chini ya kitenganishi, chombo kinachotenga maji na gesi, kila saa, tunayapima kwenye mizani na kuandika. Uzito ukifikia ule tuliokokotoa, na maji yakakoma, hapo ndipo unafungua gesi ya kazi, ile ya kutengenezea methanoli.