Makapi, pumba au nyuzi za kuhadaa rada?

Swali: Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Mbalizi, Mbeya. Naandaa makala ya klabu ya sayansi kuhusu vile vipande ambavyo ndege za kivita humwaga angani ili kuvuruga rada. Kiingereza huviita kwa neno lile lile la makapi ya nafaka, nami nimeandika: "Ndege ilinyunyiza makapi angani na rada ikaona mawingu." Mwenzangu wa Mbarali anasema hapo iwe "pumba". Nani yuko sahihi?

Jibu: Mwalimu, kati ya maneno hayo mawili, lako liko karibu zaidi. Na mwenzako, kwa kuwa anatoka kwenye mpunga, atakubali tukienda naye hatua kwa hatua. Mpunga ukishapurwa hupepetwa, na kinachochukuliwa na upepo ni makapi: maganda, vipande vya majani, pamoja na mapepe, yaani punje tupu zisizo na mchele ndani. Pumba huja baadaye, mashineni, wakati wa kukoboa, nazo huingia kwenye magunia na kwenda kwa wafugaji. Kama tunatafuta kitu kinachopeperuka, basi ni makapi. Isitoshe, siku hizi mtu "akiongea pumba" anaongea upuuzi, na darasa zima litacheka kabla hujafika kwenye rada.

Hata hivyo, singependa uliache "makapi" peke yake. Kwetu makapi ni kitu kilichokataliwa, kisicho na kazi. Vipande hivi hutengenezwa kwa kipimo, na kipimo hicho ndicho fizikia unayotaka kuifundisha. Usiku wa tarehe 24 Julai 1943 ndege za Uingereza ziliushambulia mji wa Hamburg, Ujerumani, zikitumia mbinu hii kwa mara ya kwanza. Zilimwaga vipande vya karatasi yenye alumini, vya urefu wa sentimita 27 hivi. Kwa nini 27? Kwa sababu mawimbi ya rada za Kijerumani zilizoongoza mizinga yalikuwa na urefu wa takriban sentimita 53, na kipande chenye nusu ya urefu wa wimbi huakisi kwa nguvu kuliko ukubwa wake unavyoonyesha. Kati ya ndege 791 zilizotumwa, 12 ndizo zilizopotea. Kitu kilichofanya kazi hiyo hakistahili jina la taka.

Siku hizi vingi si vipande vya karatasi tena. Ni nyuzi za kioo zilizopakwa alumini, nyembamba kuliko unywele. Kwa hiyo napendekeza uandike "nyuzi za kuhadaa rada". Jina hilo linasema kitu ni nini na kinafanya nini, na mtoto ambaye hajawahi kusikia habari hizi ataelewa bila kuuliza. Unapozungumzia vita vya 1943, badili "nyuzi" uweke "vipande". "Makapi ya rada" unaweza kuyataja mara moja, ili msomaji ajue jina la Kiingereza lilikotoka, kisha uendelee na "nyuzi za kuhadaa rada".

Sasa kitenzi. "Kunyunyiza" ni kwa maji, dawa, au unga unaoupitisha vidoleni. Mkulima wa Uyole akisoma kwamba ndege ilinyunyiza kitu angani, atafikiria dawa ya wadudu na kuanza kuhofia shamba lake. Hofu ya bure kama hiyo huzaliwa na kitenzi kimoja kilichowekwa pasipo mahali pake, ndiyo maana nalisisitiza hili. Andika "ilimwaga" au "ilitawanya".

Na "rada ikaona mawingu"? Rada haioni. Hutuma mawimbi na kupokea mwangwi, na hapo Kiswahili kina neno lililo tayari: aliyewahi kupaza sauti akiwa bondeni chini ya Mlima Loleza anajua mwangwi ni nini. Nyuzi hizi huelea kwa saa kadhaa na kusukumwa mbali na upepo, kwa hiyo hata rada za hali ya hewa huzipokea na kuzionyesha kama mvua. Wataalamu huzitambua kwa rada mpya zinazotuma mawimbi ya mlalo na ya wima kwa pamoja, kwa sababu uzi mrefu mwembamba hauakisi mawimbi hayo kama tone la maji linavyofanya. Kwa wanafunzi wako hapo pana somo zima.

Upatanisho nao uangalie: uzi mmoja unahadaa, nyuzi nyingi zinahadaa, "zilizopakwa", si "vilivyopakwa". Sentensi yako ningeiandika hivi: "Ndege ilitawanya nyuzi za kuhadaa rada, na mwangwi wake ukaonekana kwenye skrini kama wingu la mvua."