Mkaa wa chenga unaovunjika

SWALI: Nakusanya chenga zinazobaki kwenye gunia la mkaa na kufinyanga matonge kwa maji na unga wa muhogo. Yakikauka yanamomonyoka, na mengine yanafuka moshi. Nakosea wapi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Unga mbichi haugandishi, lazima upikwe. Kwa kilo 1 ya chenga zilizotwangwa na kuchekechwa, koroga gramu 60 hadi 80 za unga katika maji baridi kidogo, mimina kwenye maji yanayochemka, pika hadi uji uwe mzito wa kunata. Changanya ungali moto. Ukifinya tonge, lishikamane bila kuchuruza maji. Finyanga kwa kukandamiza sana, kwani hewa ikibaki ndani tonge hupasuka.

Anika kivulini siku 1 au 2, kisha juani hadi likauke mpaka kiini. Jua kali mapema hukausha ganda tu. Moshi hutokana na unyevu, vipande vya kuni visivyoiva, au unga kuzidi. Jivu likiwa jingi, umezoa mchanga.

Tafadhali, pikia penye hewa. Hata jiko lisilotoa moshi hutoa gesi inayoua, basi usililaze chumbani.