Dai la bima ya mkopo wa nyumba limekataliwa: je, muda wa kulalamika umekwisha?

SWALI: Ndugu mshauri, salaam. Mwaka 2007 mimi na mke wangu, tukiwa hapa Leicester, Uingereza, tulichukua mkopo wa nyumba. Ofisa wa benki alitushauri tukate na bima ya kulinda marejesho, ile iitwayo PPI, akisema ingetulipia mkopo iwapo ningeugua au kupoteza kazi. Nilimweleza kwamba nilikuwa nikitibiwa mgongo tangu mwaka uliotangulia, naye akasema hilo halina shida. Tumelipa pauni 30 kila mwezi kwa miaka 17. Kisha mgongo ukanilaza kitandani, nikadai malipo, na kampuni ya bima ikaniandikia kuwa haigharamii maradhi yaliyokuwapo kabla ya mkataba. Nilipopiga simu benki niliambiwa muda wa kulalamikia PPI uliisha mwaka 2019. Je, ndiyo basi tena?
Msomaji, Leicester

JIBU: Ndugu msomaji, pole sana kwa maradhi, na pole kwa jibu ulilopewa, kwa sababu aliyekujibu kwenye simu alikueleza nusu tu ya kanuni. Ni kweli kwamba Financial Conduct Authority, mamlaka inayosimamia mwenendo wa makampuni ya fedha nchini Uingereza, iliweka tarehe 29 Agosti 2019 kuwa siku ya mwisho ya kulalamikia namna PPI ilivyouzwa, na tarehe hiyo iliwafungia njia watu wengi. Lakini kanuni hizohizo zilimwachia nafasi mtu ambaye bima yake ilikuwa bado hai siku hiyo, akaja kudai malipo baadaye, akakataliwa kwa maelezo kwamba hakustahili au kwamba hali yake imetengwa na masharti ya mkataba. Hali hiyo ndiyo yako, na msingi wake ni wa haki kabisa: mtu hawezi kujua kuwa bima yake haimfai mpaka siku anapoihitaji.

Ninakuomba uelewe kwamba una malalamiko mawili, na kila moja lina mlengwa wake. La kwanza linaihusu kampuni ya bima, kwamba imelikataa dai lako isivyostahili. La pili linaihusu benki, kwamba ilikuuzia bima isiyokufaa. Watu wengi huyachanganya katika barua moja, kisha kila upande ukausukumia mwenzake mzigo.

Tuanze na benki, maana hapo ndipo ulipo na hoja nzito zaidi. Tangu tarehe 14 Januari 2005 uuzaji wa bima za aina hii uliwekwa chini ya usimamizi wa Financial Services Authority, mamlaka iliyotangulia hii ya sasa, kwa hiyo mauzo ya mwaka 2007 yalikuwa na kanuni. Muuzaji aliyetoa ushauri alipaswa kuhakikisha kuwa bima anayoipendekeza inamfaa mteja, na hata yule asiyetoa ushauri alipaswa kumweleza mteja kwa uwazi mambo makubwa ambayo bima hiyo haiyalipii. Kutengwa kwa maradhi ya zamani lilikuwa sharti la kawaida mno katika mikataba hii, na ofisa aliyeambiwa juu ya mgongo unaotibiwa hakuwa na sababu ya kulinyamazia. Kwa hiyo usiandike tu kwamba "nilidanganywa". Andika tukio lilivyokuwa: "Nilimweleza ofisa kwamba ninatibiwa mgongo. Alijibu kuwa haina shida. Hakuniambia kwamba maradhi niliyokuwa nayo hayatalipiwa. Lau angeniambia, nisingekata bima hii." Sentensi hiyo ya mwisho ina uzito mkubwa, kwa kuwa fidia hutegemea uamuzi ambao ungeufanya kama ungeelezwa ukweli.

Kabla ya kutuma, iandikie benki ukiomba nakala ya taarifa zako zote, zikiwemo fomu za mwaka 2007 na kumbukumbu za mazungumzo yenu na ofisa. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inakupa haki hiyo bila malipo, na kwa kawaida wanapaswa kujibu ndani ya mwezi mmoja. Omba pia kwa daktari wako rekodi za matibabu ya mwaka 2006 na za sasa, kwa maana zitafanya kazi mbili.

Kazi ya kwanza ni kuonyesha kwamba ulikuwa na tatizo uliloweza kumtajia ofisa. Ya pili inahusu kampuni ya bima. Kampuni inayotegemea sharti la kutenga maradhi ndiyo inayopaswa kuthibitisha kwamba sharti hilo linakugusa. Mwulize daktari iwapo maradhi yaliyokulaza sasa ni yaleyale ya zamani, kwani maumivu ya misuli ya wakati ule na tatizo jipya la pingili si lazima yawe kitu kimoja. Akiandika kwamba ni mambo tofauti, una hoja.

Hapa kuna jambo ambalo ningekusihi ulipime kwa makini. Malalamiko dhidi ya benki yakikubaliwa, kwa kawaida utarudishiwa ulichokilipa pamoja na riba. Pauni 30 kwa mwezi kwa miaka 17 ni pauni 6,120, na riba iliyozoeleka kwenye fidia za PPI ilikuwa asilimia 8 kwa mwaka, isiyolimbikizwa. Lakini ukirudishiwa fedha hizo, bima nayo huhesabiwa kana kwamba hukuikata. Bima nyingi za namna hii hulipa marejesho ya miezi 12, hivyo kama marejesho yako ni makubwa, dai lenyewe linaweza kukupa zaidi. Wasilisha yote mawili, ila usitie saini kukubali fidia ya benki kabla ya kujua hatima ya dai.

Kila kampuni ina wiki 8 za kukupa jibu la mwisho. Wakikukatalia au wakinyamaza, nenda Financial Ombudsman Service, chombo huru cha usuluhishi kisichomtoza mlalamikaji hata senti, na ufanye hivyo ndani ya miezi 6 tangu tarehe ya jibu hilo. Usikae na barua ya kukataliwa kwa miaka, kwa kuwa benki inaweza kudai kuwa siku uliyoipokea ndiyo siku uliyolijua tatizo, na kikomo cha miaka 3 ya kulalamika kikaanza kuhesabiwa hapo.

Huenda utasikia pia kuhusu kesi ya Plevin ya mwaka 2014, iliyohusu kamisheni ya asilimia 71.8 ya malipo ya PPI ambayo mteja hakuelezwa. Usiitegemee. Kifungu cha sheria kilichotumika katika kesi hiyo hakigusi mikopo ya kawaida ya nyumba inayosimamiwa na mamlaka.

Wapo pia mawakala wa kukudaia. Sheria ya mwaka 2018 iliwawekea kikomo cha asilimia 20 ya fidia ya PPI, bila kuhesabu kodi, nami sioni sababu ya kuwapa sehemu ya fedha zako kwa kazi ya barua mbili. Anayekupigia simu akitaka ada ya kwanza ili "akutolee" fidia iliyokwisha kupitishwa ni tapeli, kata simu.

Na kama marejesho ya mkopo yanakulemea wakati huu wa ugonjwa, iarifu benki leo kwa maandishi, kando kabisa na malalamiko haya, uombe mpango wa muda wa kulipa kabla deni halijarundikana.