Kiti mwendo chako, vilima vya Mbeya na safari za basi

Viti mwendo vingi tunavyopewa huku Nyanda za Juu huja vya saizi moja, kana kwamba nyonga za watu wote zinalingana. Ukipokea chako, usikimbilie kutoka nacho. Tafuta fundi baiskeli mwenye subira na spana zake, kaa kitini, mpimane.

Anzeni na upana. Kiganja kilicholala bapa kipite kati ya nyonga yako na ubavu wa kiti, kisizidi hapo. Kiti kikipwaya utakaa upande na mgongo utapinda. Kikibana kitakuchuna ngozi. Upimwe ukiwa umevaa koti, maana Juni na Julai utalivaa tu. Nyuma ya goti ibaki nafasi ya vidole viwili au vitatu. Vikanyagio viwekwe hivi: paja lote lilale juu ya mto. Vikiwa juu mno, magoti yanapanda na uzito unarundikana makalioni, na vidonda vya mgandamizo huanzia hapo. Vikiwa chini mno vitagonga mawe. Sentimita 5 kutoka ardhini zinatosha kwenye sakafu, ila kwa njia zetu za Uyole mimi huacha zaidi kidogo.

Panapotaka akili ni kwenye ekseli ya magurudumu ya nyuma, kama kiti chako kina matundu ya kuihamisha. Ukiisogeza mbele, kiti kinakuwa chepesi kusukuma na mabega yanapumua. Lakini kinakuwa chepesi pia kukuangusha chali, hasa unapopanda mlima, na Mbeya mtu atakwepa wapi mlima? Isogeze tundu moja, ujaribu kwenye mwinuko mdogo huku mtu amesimama nyuma yako, ndipo uamue. Aliyekatwa miguu yote miwili anahitaji kinyume chake: ekseli irudi nyuma, kwa kuwa uzito wa miguu haupo tena wa kukiegemeza kiti mbele. Ekseli ikihama, breki nazo zinakuwa mbali au karibu na tairi, kwa hiyo zirekebishwe siku hiyohiyo. Tairi likipungua upepo, breki pia haishiki. Watu wanalaumu breki wakati kinachotakiwa ni pampu.

Breki hizo kazi yake ni kukuzuia usiserereke ukiwa umetulia. Haziwezi kukushikilia ndani ya gari. Konda atakwambia, "Mama, funga breki tu, twende." Kataa. Gari likisimama ghafla, magurudumu yanaweza yasizunguke kabisa, na kiti chote kikateleza au kupinduka na wewe juu yake.

Kama unaweza kuhama, hamia kwenye siti ya gari na ufunge mkanda. Kiti chomoa mto na vikanyagio, kikunje, kiende kwenye buti. Mto ubaki nawe ndani. Ukipotea huo, kiti hakikaliki. Wakati wa kunyanyua, waelekeze utingo na konda washike fremu. Vijana hawa wana nguvu na moyo mzuri, lakini wakishika sehemu ya kuegemeza mkono inachomoka, kiti kinaanguka. Kikienda juu kwenye keria, kamba ipite kwenye fremu, isipite kwenye spoki.

Usipoweza kuhama, ni heri kukodi Noah iliyotolewa siti za nyuma. Kiti kitazame mbele, kamwe kisikae ubavu. Kifungwe kwa mikanda minne, miwili mbele na miwili nyuma, kwenye fremu yenyewe, na mikanda hiyo ishikwe na sakafu ya gari kwa bolti. Mipira ya tyubu tunayofungia magunia ya viazi inavutika, haifai kwa mtu. Wewe nawe ufungwe mkanda wako: ulale kwenye mifupa ya nyonga, usipite tumboni wala juu ya sehemu za kuegemeza mikono, na mwingine upite begani. Viti mwendo vya kukaliwa garini hujaribiwa kwa mgongano wa kilomita 48 kwa saa, kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 7176-19. Kama kitabu cha kiti chako hakisemi kinafaa kukaliwa garini, chukulia hakifai.

Mbeya hadi Iringa ni zaidi ya kilomita 300, na anayeendelea Dar anakutana na kona za mlima wa Kitonga. Asiye na nguvu za kiwiliwili apate mtu wa kukaa naye, siti ya dirishani. Kila baada ya nusu saa hivi jiinue kwa mikono au uinamie upande mmoja, kisha mwingine, damu ipite. Usingizi wa basi usikusahaulishe.

Mkishuka, kabla hujakaa, vuta kila gurudumu uone kama pini imeshika, gusa nati, jaribu breki, angalia mto haujageuzwa. Konda atapiga kelele kwamba unamchelewesha. Mwache apige.