Raga kwa wanaoanza: kwa nini pasi hurudi nyuma, na je, kiwanja kigumu kinafaa?

SWALI: Kocha, shikamoo. Nafundisha michezo katika shule ya sekondari hapa Dodoma, upande wa Nzuguni. Wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili wameona raga ya Kenya kwenye simu, sasa kila siku wananisumbua niwaanzishie. Mimi nimekulia kwenye netiboli. Nimetazama mechi mbili tatu na mambo mawili yamenishinda. Kama kupasia mbele ni marufuku, timu inafikaje mwisho wa uwanja? Na pale wanapolaliana chungu nzima, mwamuzi anapuliza filimbi kwa kosa gani? Halafu kiwanja chetu ni udongo mtupu, kiangazi hata jembe haliingii. Tuanze au tuache?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Anzeni, ila kuangushana kusubiri. Nitafika huko. Kwanza hilo la pasi, maana ukilielewa, nusu ya filimbi zinazokuchanganya utazijua mwenyewe.

Mpira wa raga husogea mbele kwa kubebwa na anayekimbia, au kwa teke. Mkono hauruhusiwi kuupeleka mbele. Ukimrushia mwenzako aliye mbele yako, au ukikuponyoka mikononi ukaenda mbele, wapinzani wanapewa skramu: wachezaji wa mbele wa timu zote mbili wanafungamana mabega, mpira unaingizwa katikati yao, wanasukumana. Kwa hiyo mwenye mpira ndiye anayetangulia, wenzake wanamfuata kwa nyuma, kushoto na kulia. Anakimbia hadi anakaribia kukamatwa, beki anamjia yeye, ndipo anampasia mwenzake anayekuja kwa kasi. Pasi imerudi mita mbili, mpokeaji amekwenda mbele mita kumi. Hesabu ndiyo hiyo.

Kuotea nako kunatoka hapohapo. Kwenye soka tunatazama mabeki wa timu pinzani. Kwenye raga tunatazama mpira. Ukiwa mbele ya mwenzako mwenye mpira, au mbele ya mwenzako aliyeupiga teke, huruhusiwi kuingilia mchezo mpaka uwe umerudi nyuma au yeye amekupita. Vijana wa soka watakusumbua hapa, kwa sababu mwenzao akishapata mpira wao mbio kwenda mbele kuomba. Wasichana wako wa netiboli wanadaka vizuri kuliko hao, ila wana tabia yao: wakidaka, wanasimama. Kuwafundisha kudaka huku wanakimbia kutakuchukua muda kuliko sheria zote nitakazokuandikia.

Jaribu hivi. Wanafunzi wanne wajipange mshazari, kila mmoja hatua mbili nyuma ya mwenzake, watembee kutoka katikati ya uwanja kuelekea golini. Mpira uende kutoka kwa wa kwanza hadi wa nne. Ukifika kwa wa nne, wale watatu wote wako mbele yake, hawezi kumpasia yeyote. Usiwaambie kitu. Waache wagundue kwamba lazima wapunguze mwendo hadi awapite, ndipo mpira urudi upande wa pili. Mikono miwili kwenye mpira, upitishwe mbele ya kiuno, vidole vimalizie vikimwelekea mpokeaji. Wakiweza kwa kutembea, wakimbie taratibu.

Sasa lile rundo. Mwenye mpira akikamatwa na kuangushwa, mchezo hausimami. Yeye lazima auachie mpira mara moja. Aliyemwangusha naye amwachie na kuondoka njiani. Wengine wote wanaofika wafike kwa kupitia nyuma, upande wa timu yao, na wabaki wamesimama kwa miguu yao. Wa timu mbili wakishakutana juu ya mpira, wanasukumana kwa mabega. Hiyo inaitwa raki, na mpira sasa unatolewa kwa miguu, si kuchotwa kwa mikono. Wasioingia wanakaa nyuma ya mguu wa mwisho wa wenzao.

Filimbi unazozisikia, kwa hiyo, huwa za makosa manne: aliye chini ameng'ang'ania mpira, aliyemwangusha amelala palepale akizuia, mtu ameingia kwa ubavuni, au amejitupa juu ya wenzake badala ya kusimama. Ukitazama mechi nyingine, mwangalie mtu wa tatu kufika badala ya kuuangalia mpira. Mara nyingi kosa ni lake.

Adhabu ni penalti, na hii si ya soka. Timu inaweza kupiga teke mpira upite kati ya nguzo na juu ya mwamba ulio mita 3 kutoka chini, ikapata pointi 3. Au inaupiga nje karibu na lango la wapinzani, halafu ikapewa yenyewe kuurusha ndani. Wageni wengi hushangaa hapo, maana mpira ukitolewa nje kwa teke la kawaida, wanaorusha ni wapinzani.

Pointi kubwa ni trai, 5, na haipatikani kwa kuvuka mstari tu. Mpira lazima ukandamizwe chini. Baada yake kuna teke la pointi 2, linalopigwa kwenye mstari wa pale trai ilipofungwa. Ndiyo sababu mchezaji aliyekwisha kuvuka anaendelea kukimbia kuelekea katikati ya nguzo, na watazamaji wanadhani anaringa.

Walichoona wanafunzi wako kwenye simu huenda ni raga ya wachezaji saba, ambayo Kenya inajulikana nayo zaidi. Mwaka 2016 iliifunga Fiji 30 kwa 7 katika fainali ya Singapore. Vipindi ni viwili vya dakika 7, uwanja ni uleule wa watu kumi na watano wanaocheza dakika 80. Kwa shule, saba kwa saba inatosha kabisa. Nusu ya kiwanja chenu cha soka inafaa kwa mafunzo, mkicheza kwa upana.

Kuhusu udongo. Kuanzia Mei mpaka mvua za Desemba sikushauri mtoto yeyote aangushwe kwenye ardhi hiyo, hata kwa utani. Chezeni raga ya vitambaa. Kata vipande vya kitenge kilichochakaa, kila mchezaji achomeke viwili kwenye bukta, kimoja kila nyonga, vining'inie. Beki hamkamati mtu. Anachomoa kitambaa, anakiinua juu na kusimama. Mwenye mpira lazima apasie papo hapo. Kitambaa kinarudishwa kwa mwenyewe, mchezo unaendelea. Kuotea, pasi ya nyuma, kukimbilia nafasi, yote yamo, na wavulana na wasichana wanaweza kucheza pamoja. Nchi zenye raga kubwa huanza na watoto wao hivyohivyo, kwa hiyo msijione mnacheza nusu mchezo.

Kuangusha mfundishe kwenye shimo la mchanga la kuruka mbali, baada ya kulichimbua na kuokota mawe na vigae. Wote wawili waanze wamepiga magoti. Anayekamata analenga kati ya kiuno na mapaja kwa bega, anazungusha mikono yote miwili na kubana, macho wazi. Kichwa kikae pembeni, shavu kwenye tako la anayekamatwa, kamwe kisitangulie mbele yake. Kuhusu kichwa sina mjadala: mwanafunzi anayekosea hapo mara kwa mara arudi kwenye vitambaa. Kwenye sheria, kumkamata mtu juu ya mabega ni kosa, kumgonga bila kumkumbatia kwa mikono ni kosa, na asiye na mpira haguswi.

Akigongwa kichwa akapepesuka, akasahau alipo au akalalamika kuona ukungu, anatoka na harudi siku hiyo, hata akiapa kwamba yuko sawa. Akitapika, akisinzia au kichwa kikizidi kuuma, ni hospitali, si kumpumzisha chini ya mti.

Mpira: namba 4 ni wa umri wa miaka 10 hadi 14, namba 5 ni wa wakubwa zaidi. Wakati mnatafuta, mazoezi ya pasi yaanze na mpira wa netiboli. Kwa mateke haufai, kwa kuwa wa raga una umbo la yai na hudunda utakavyo wenyewe. Tena mateke yafundishe asubuhi. Upepo wetu wa Julai na Agosti ukishaanza mchana, hata mpigaji mzuri atakuwa anawafuata mbuzi wa watu.